Mishale ya mbao kwa upinde mrefu: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wanaonunua mishale ya upinde mrefu huanza kwa kuuliza aina ya mti. Mimi naliweka swali hilo la pili. La kwanza ni ukakamavu: ufito wa mshale unapinda kiasi gani ukisukumwa. Mti wa bei kubwa usiolingana na upinde wako utakwenda kombo kila siku, na mti wa kawaida unaolingana nao utafika unakotaka.

Sababu iko kwenye mshikio. Upinde mrefu wa asili haukuchongwa hadi katikati kama pinde nyingi za kisasa, kwa hiyo mshale hukaa ubavuni na ncha yake huelekea pembeni kidogo ya shabaha. Ugwe ukiachiwa, ufito hupinda, huuzunguka mshikio, kisha hunyooka ukiwa njiani. Ukiwa mkakamavu mno hugonga mshikio, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale huangukia kushoto. Ukiwa laini mno huangukia kulia. Anayevuta kwa kushoto ageuze.

Basi pima kwanza umbali unaovuta wewe. Upinde ulioandikwa ratili 45 kwa inchi 28 hutoa nguvu ya kuvuta ya ratili 45 kwa anayefika inchi 28. Ukiishia 26, una ratili 40 hivi. Fito huuzwa kwa makundi ya ukakamavu, ya ratili tano tano: 35–40, 40–45 na kuendelea. Namba hiyo hupatikana kwa kuuegemeza ufito kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 26, kutundika ratili 2 katikati, na kugawa 26 kwa inchi ulizoshuka. Ukishuka inchi 0.65, ni wa 40. Mvutaji wetu wa ratili 40, mwenye mshikio mnene, ningemwanzishia kundi la 35–40, ingawa maandishi ya upinde yangemshawishi achukue 45–50. Kigumba kizito na ufito mrefu huufanya mshale utende kama laini zaidi. Kila inchi ya ufito inayozidi 28 hudai takribani ratili 5 za ziada za ukakamavu.

Sasa miti, kwa mpangilio wangu.

1. Mwerezi wa Port Orford. Hutoka kusini-magharibi mwa Oregon na kaskazini-magharibi mwa California, Marekani. Ni mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na ukivunjika hutoa harufu kali ya kupendeza. Kwa pinde za ratili 30 hadi 50 sijaona sababu ya kuupa nafasi nyingine. Kasoro yake ni kwamba hauvumilii kugonga jiwe, na fito nzuri zimekuwa adimu. Ugonjwa wa mizizi umeiua mingi ya miti hiyo.

2. Sprusi ya Sitka. Nyepesi, imara kuliko uzito wake unavyoonyesha, na ikinyooka hubaki imenyooka. Ukiletewa mwerezi wa daraja la chini na sprusi nzuri, chukua sprusi bila kusita.

3. Msonobari. Mzito kidogo, mvumilivu, bei nafuu. Mwanafunzi anayepoteza mishale nyasini aanze hapa.

4. Mti wa Douglas (Douglas fir) na eshi (ash), kwa pinde za ratili 55 na kuendelea. Eshi hasa ni nzito na ngumu kuvunjika. Wengi hudhani mishale ya vita ya Waingereza ilikuwa ya eshi tupu, lakini katika maelfu iliyopatikana kwenye Mary Rose, meli iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, mingi ni ya jamii ya mpopla.

5. Mianzi. Huvumilia makosa ya ukakamavu kuliko mti wowote, ila kila ufito una tabia yake na hudai kunyooshwa kwa moto. Ni ya mwenye subira.

Mwisho kabisa ni vijiti vya mviringo vya duka la vifaa vya ujenzi. Nyuzi zake mara nyingi hukatiza ubavuni badala ya kwenda hadi mwisho, na mshale wa namna hiyo unaweza kupasuka wakati wa kuachia na kuingia kwenye mkono ulioshika upinde. Sishauri.

Ukiwa na ufito mkononi, uzungushe juu ya kioo na usikilize kama unagongagonga. Kisha ufuatilie mstari mmoja wa nyuzi kwa ukucha, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukitokeza ubavuni katikati ya safari, urudishe. Kwenye mshale uliokamilika, ufa wa nyuma unaonasa ugwe uwe umekata nyuzi kwa pembe mraba, ili upande mkakamavu ndio uegemee upinde.

Uzito nao utazame. Kwa upinde wa ratili 40, mshale wa gramu 26 hivi, pamoja na kigumba, ni salama. Mwepesi sana huuchosha upinde. Ndani ya dazeni, tofauti kati ya mshale na mshale isizidi gramu moja. Manyoya yawe ya ndege, matatu, yote ya bawa la upande mmoja. Ya plastiki hayalali yanapopita kwenye mshikio, hivyo hurusha mshale pembeni.

Kabla ya kulipia dazeni nzima, omba mishale miwili miwili ya makundi matatu yanayofuatana, uipige yote kwa kigumba kimoja. Muuzaji anayejua kazi yake hatakataa. Na kila mshale uliogonga kitu kigumu uukunje taratibu mbali na uso kabla ya kuurudisha kwenye podo. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje vipande viwili papo hapo asije mwingine akaupiga.