Fahirisi ya Mitazamo ya Rushwa: inachoipa asasi ya kiraia na inachoinyima

Kila mwaka Transparency International, shirika lililoanzishwa Berlin mwaka 1993 na Peter Eigen pamoja na wenzake, hutoa Fahirisi ya Mitazamo ya Rushwa, ambayo huipa kila nchi alama kuanzia 0, yaani rushwa iliyokithiri, hadi 100, yaani utumishi wa umma unaoonekana kuwa safi kabisa. Toleo la kwanza, la mwaka 1995, lilikuwa na nchi 41. Toleo la 2024 lina nchi na maeneo 180. Hapa ninaipima kama chombo cha kazi cha watu walio nje ya serikali, yaani asasi za kiraia, vyama vya wananchi na waandishi wa habari, ambao hawana mamlaka ya kumkamata mtu wala kumfungulia mashtaka, na ambao nguvu yao yote hutokana na taarifa ambayo mkubwa hawezi kuipuuza.

Kwa kipimo hicho, fahirisi hii inastahili sifa kubwa. Kabla yake, serikali nyingi zilijibu tuhuma za rushwa kwa kusema kwamba ni maneno ya wapinzani. Leo hii serikali hizohizo hulazimika kutoa tamko siku alama zinapotangazwa, na tamko hilo, hata likiwa la kukanusha, huipa asasi nafasi ya kuuliza swali linalofuata hadharani. Chombo chenyewe hakilipiwi. Lahajedwali lake linapakuliwa na yeyote, likiwa na alama za miaka iliyopita, idadi ya vyanzo vilivyotumika kwa kila nchi na kiwango cha makosa ya makadirio, yaani kiasi ambacho alama inaweza kuwa juu au chini ya ilivyo kweli. Tangu mwaka 2012, mbinu ya ukokotoaji iliporekebishwa na mizani ya 0 hadi 10 kuachwa, alama za mwaka mmoja zinaweza kulinganishwa na za mwaka mwingine, jambo ambalo halikuwezekana kwa uhakika hapo awali.

Hata hivyo, anayeichukua bila kusoma maelezo ya mbinu atajikuta anaitetea mahali isipoweza kusimama. Alama hujengwa kutokana na vyanzo 13, vikiwemo vya Benki ya Dunia, Jukwaa la Uchumi Duniani na V-Dem, mradi wa utafiti unaopima demokrasia duniani, na nchi haiingizwi mpaka iwe na vyanzo visivyopungua vitatu. Vyanzo hivyo hukusanya maoni ya wataalamu na watu wa biashara kuhusu hongo, uchepushaji wa fedha za umma, upendeleo katika ajira serikalini na ulinzi wa wanaofichua uovu. Mwananchi aliyeombwa kitu kidogo ili apewe cheti cha kuzaliwa hakuulizwa popote. Vilevile fahirisi haigusi utakatishaji wa fedha, usiri wa mabenki, wala kazi ya mawakili na wahasibu wanaowaficha wenye mali halisi. Denmark ilipata alama 90 katika toleo la 2024, ya juu kuliko nchi zote, ilhali kupitia tawi la Danske Bank, benki ya Denmark, nchini Estonia, kati ya mwaka 2007 na 2015, zilipita takriban euro bilioni 200, ambazo sehemu kubwa yake ilitiliwa shaka. Sisemi kwamba alama ya Denmark ni ya uongo, kwa sababu inahusu maofisa wa umma wa Denmark na si mabenki yake. Lakini asasi inayofuatilia fedha zilizoibwa nchini kwake na kufichwa ng'ambo isitarajie kuziona hapa, na katika nchi nyingi wizi mkubwa ndio huo.

Lipo pia kosa la matumizi ambalo linaniuma, kwa kuwa linafanywa na watu wetu wenyewe. Vichwa vya habari hutangaza nafasi: nchi fulani imeporomoka ngazi nne, nyingine imepanda tatu. Nafasi hubadilika hata pale alama ya nchi isipotikisika, kwa sababu majirani zake wamepanda au wameshuka, na tofauti ya alama moja au mbili mara nyingi imo ndani ya kiwango cha makosa. Asasi inayoishambulia serikali kwa kushuka kwa alama moja humpa msemaji wa serikali jibu rahisi, na mwaka alama moja hiyo itakaporudi italazimika kushuhudia serikali ikijipongeza bila kuwa na la kusema. Isitoshe, data inayotumika yaweza kuwa ya miaka miwili iliyopita, kwa hiyo kashfa ya mwaka huu, au sheria nzuri ya mwaka huu, isitafutwe katika alama ya mwaka huu.

Ndiyo maana ninaamini kwamba fahirisi hii hufaa kufungulia mjadala na haifai kuumalizia. Panapotakiwa uzito wa maisha ya watu, shirika lilelile lina Kipimo cha Rushwa Duniani, kilichoanza mwaka 2003, ambacho huwauliza wananchi wa kawaida kama wamelipa hongo katika miezi 12 iliyopita kwa polisi, mahakama, hospitali au shule. Hakitoki kila mwaka kwa kila nchi, nayo ni kasoro kubwa, lakini matokeo yake huonyesha ni huduma ipi inaumiza, na hapo ndipo asasi inapoweza kudai jambo mahususi kwa wizara mahususi. Kuna pia vituo vya ushauri wa kisheria vilivyoanza mwaka huohuo na sasa vimo katika nchi zaidi ya 60, ambako mtu aliyeombwa rushwa au aliyeishuhudia husaidiwa bure na kwa siri kuandaa malalamiko yake. Kwangu mimi hivi ndivyo vyenye thamani kuliko vyote, kwani malalamiko mengi kuhusu ofisi moja huwa ushahidi wa utaratibu mbovu, na utaratibu unaweza kubadilishwa. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, ulioanza kutumika Desemba 2005, inazitaka nchi wanachama kuendeleza ushiriki wa asasi na makundi ya jamii katika mapambano haya. Malalamiko yaliyoandaliwa vizuri ni ushiriki ambao ofisa hawezi kuuita maoni tu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuiacha orodha ya nafasi na kufungua lahajedwali. Atazame mwenendo wa alama za nchi yake tangu 2012, kisha atafute ni vyanzo vipi vilivyoivuta juu au chini, na aende navyo kwenye ripoti za mkaguzi wa hesabu za serikali na kumbukumbu za zabuni, ambako majina ya miradi na kiasi cha fedha vimeandikwa. Watayarishaji nao wangefanya jema kama wangeweka kiwango cha makosa kando ya kila alama kwenye ukurasa wa mbele, mahali ambapo mwandishi wa habari mwenye haraka hawezi kukiruka.