M936A2: bredauni la jeshi la Marekani likiwekwa kwenye kazi ya raia

Asiye na muda aondoke na neno hili: M936A2 linunue kwa ajili ya winchi yake ya nyuma, yaani ile ngoma ya kuvutia magari kwa waya. Kreni ile inayovuta macho ya watu mnadani ihesabu kuwa nyongeza. Mimi ni fundi na dereva wa lori hilo huku Marekani, mashariki mwa jimbo la Utah, kati ya miji ya Green River na Moab, ambako tajiri wangu anafanya biashara ya kukwamua magari porini: jeep za watalii, pikapu za wafugaji, malori ya maji, na mara mojamoja kreda lililotopea. Nimekulia kwenye gereji za malori Iringa na Kitonga naijua kona kwa kona, kwa hiyo bredauni nimeziona za kila namna. Hili nimelipenda, na napenda niseme kwa nini, pamoja na mambo yake yanayochosha.

M936A2 ni bredauni la familia ya M939, malori ya jeshi ya tani 5 yanayovuta kwa magurudumu yote sita. Toleo la A2 liliundwa na kampuni ya BMY huko Marysville, Ohio. Injini ni Cummins 6CTA8.3, silinda 6, lita 8.3, yenye tabo na nguvu farasi 240. Giaboksi ni Allison otomatiki ya gia 5. Matairi ni 14.00R20, moja moja hadi nyuma, hakuna dabo. Tangu 1996 jeshi lilianza kupokea malori mapya ya familia ya FMTV, na haya ya zamani yakawa yanatolewa polepole kwenye minada ya mali ya ziada. Injini hiyo haina siri kwa fundi yeyote aliyewahi kufungua Cummins ya basi au ya jenereta, na spea zake zinapatikana kwenye maduka ya kawaida. Hilo peke yake ni sababu kubwa ya kuchagua A2.

Mnadani, kabla hujaangalia injini, ulizia karatasi. Lori la serikali huuzwa na fomu iitwayo SF 97, na bila hiyo kulisajili barabarani ni mateso. Halafu inama uangalie matairi. Malori ya jeshi hukaa miaka mingi yardi bila kutembea, kwa hiyo kashata, yaani meno ya tairi, zitakuwa nene na nzuri huku mpira wenyewe umekwisha. Soma ubavuni namba ya tarehe: tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 lina tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, ukikuta tatu, tairi hilo ni la karne iliyopita, usilipeleke mwambani hata kama linang'aa. Matairi sita ya ukubwa huo ni fedha nyingi, na muuzaji hataziweka kwenye bei ya mnada. Ziweke wewe.

Lori letu lilitoka kwa muuzaji ambaye tangazo lake lilisema liko tayari kwa kazi. Oili ya haidroliki ilikuwa nyeupe kama maziwa, maana yake maji yalishaingia kwenye tangi. Tuliimwaga yote, tukasafisha tangi, tukabadilisha filta, tukaizungusha oili mpya na kuimwaga tena. Hozi za haidroliki zilikuwa na nyufa kila zinapokunjwa, na hizo hazirekebishwi: unakata, unapeleka dukani, unatengenezewa nyingine za shinikizo lile lile. Kila kitu cha mpira kwenye lori hili kikague hivyo hivyo. Vifuniko vya mpira kwenye viungo vya usukani vya ekseli ya mbele vikichanika, mchanga unaingia, grisi inageuka msasa, na utafungua ekseli nzima kwa ajili ya kitu ambacho kingebadilishwa mapema kwa gharama ndogo.

Kuhusu rangi, naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni mapafu ya watu. Rangi ya kijeshi ya malori haya inaitwa CARC, imetengenezwa kuhimili kemikali za vita. Vumbi lake ukilipiga msasa ni sumu, na rangi ya chini yake inaweza kuwa na kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Nimeona vijana wanalipiga grainda wakiwa wamefunga kitambaa mdomoni. Kitambaa hakizuii chochote. Sisi tuliosha, tukaacha rangi ya zamani mahali ilipo imara, tukapaka juu yake, na pale palipohitaji kulehemiwa tuliondoa rangi kwa dawa ya kulainisha, barakoa halisi za fundi rangi zikiwa usoni. Tajiri alitaka lori la manjano haraka kwa ajili ya matangazo. Alisubiri, na nashukuru alisubiri.

Umeme ni volti 24, betri zimeunganishwa mfululizo. Swichi ya taa ni ile ya jeshi yenye vijiti vitatu: lazima ubonyeze kimoja kufungua kufuli ndipo kingine kigeuke, ili askari asije akawasha taa kubwa gizani kwa bahati mbaya. Kwa raia ni kero usiku wa mvua, lakini ni imara mno, tumeiacha. Tulichoongeza ni taa za kazi za LED za volti 24 juu ya mkono wa kreni na pembeni, taa za njano za tahadhari, na kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12 kwa ajili ya redio na simu. Usikubali mtu achukue volti 12 kwa kujiungia kwenye betri moja tu kati ya zile. Betri hazitachajika sawasawa na zitakufa moja baada ya nyingine.

A2 ina mfumo wa kupunguza na kuongeza upepo wa matairi ukiwa umekaa kwenye kiti: unachagua barabara, pori, mchanga au dharura. Mfumo huo ukifanya kazi ni baraka tupu. Kwenye mchanga tairi linapotandaza tumbo lake, lori la tani zaidi ya 16 linapita mahali ambapo pikapu imezama. Kisichofurahisha ni sili na vijihozi vyake kwenye vikombe vya gurudumu, ambavyo huvuja vikizeeka, na wengi huung'oa mfumo wote na kuutupa. Mimi nasema usiung'oe. Tafuta uvujaji kwa maji ya sabuni, badilisha sili, beba spea garini. Kujaza matairi sita ya ukubwa ule kwa mpira mmoja wa upepo kunakula saa nzima ya mteja wako.

Sasa winchi. Ya mbele inavuta paundi 20,000, kama tani 9. Ya nyuma inavuta paundi 45,000, kama tani 20, na nguvu yake inatoka kwenye injini, kwa hiyo itavuta kutwa bila kuchosha betri kama zile winchi za umeme za kwenye bampa. Namba hiyo, kama ilivyo kwa winchi zote, ni ya waya ukiwa kwenye mzunguko wa kwanza wa ngoma. Waya ukiwa umejaa ngoma, kipenyo kimekua na nguvu imepungua. Hivyo mwenye akili anajiweka mbali, anamwaga waya mwingi, anabakiza mizunguko kama mitano ya kushika ngoma, ndipo anavuta.

Na nguvu yote hiyo ya nini? Jeshi lina kanuni nzuri ya kukadiria, nami nawafundisha vijana wetu kila wanapoanza kazi. Gari likizama usawa wa magurudumu, hesabu mvuto sawa na uzito wake wote. Likizama hadi kwenye madigadi, zidisha mara mbili. Likizama hadi kwenye kabini, mara tatu. Chukua lori la maji la tani 9 lililozama hadi madigadi: unahitaji tani 18. Huku kuna udongo wa Mancos, mfinyanzi wa kijivu uliotapakaa kuanzia Grand Junction hadi Green River na zaidi. Ukiwa mkavu unaendesha kama lami. Ikinyesha kidogo unakuwa gundi. Mtu aliyewahi kutopea kwenye udongo mweusi wa mbugani kwetu ataufahamu bila kuelezwa.

Tani 18 kwa waya mmoja zinakaribia kabisa mwisho wa winchi. Hapo ndipo kapi linaingia. Unafunga kapi kwenye gari lililokwama, waya unapita humo na kurudi kwenye bredauni. Sasa kila upande wa waya unabeba tani 9, mwendo unapungua nusu, na winchi inafanya kazi bila kulalamika. Lakini watu wengi wanasahau hesabu ya pili: bredauni lenyewe bado linavutwa kwa tani zile zile 18, nalo lina tani 16 na kidogo, limesimama juu ya tope. Litateleza kurudi nyuma kwenda kwa mgonjwa. Vile vizuizi vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu vinavyokuja na lori, wauzaji huviuza kando kama chuma chakavu. Usipovikuta, tengeneza vingine kabla ya kupokea kazi ya kwanza. Na ukifunga kapi kwenye mwamba au kisiki ili kugeuza njia ya waya, kumbuka kwamba waya ukirudi ulikotoka, kisiki kile kinabeba karibu mara mbili ya mvuto wa waya. Mnyororo na pete za kufungia lazima ziwe za kiwango hicho.

Waya wa zamani tuliutupa wote. Ulikuwa na kutu ndani ya nyuzi, mahali ambapo jicho halifiki hadi uupinde. Swali lililofuata lilikuwa chuma au kamba ya kisasa ya plastiki ngumu. Waya wa chuma wa unene wa milimita 19 una uzito wa kama kilo moja na nusu kwa kila mita, na kuuburuta mlimani ni kazi ya vijana wawili. Kamba ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa hasira ile ya chuma inayokata mtu miguu. Ila kamba hiyo inayeyuka kwa joto la nyuzi kama 150 na inachubuka ikisuguliwa mwambani, na Moab ni mwamba mtupu wa mchanga. Uamuzi wetu: winchi ya nyuma chuma kipya, ya mbele kamba, na vipande virefu vya kamba vyenye mfuko wa kinga kwa ajili ya kurefusha pale waya haufiki. Juu ya waya wa chuma tunatandika mfuko mzito katikati, na hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake wala ndani ya pembe ya kapi. Anayebisha anarudi gerejini.

Kreni niiseme kwa kifupi. Inanyanyua paundi 20,000, kama tani 9, mkono ukiwa mfupi na miguu ya kuegemeza lori ikiwa imesimama chini. Mkono unarefuka kutoka futi 10 hadi 18, na kila unavyorefuka uwezo unashuka sana. Wakati wa kuvuta gari lililoning'inizwa nyuma, mkono hubeba paundi 7,000 tu. Kibao cha uwezo kama kimefutika, tafuta kingine ukibandike kabla ya kugusa lefa. Itakufaa kunyanyua injini, kusimamisha jeep iliyolala ubavu, kubeba ekseli. Kuvuta malori mazito ya barabarani waachie wenye bredauni za kisasa za kuinua kwa chini.

Barabarani ni zito na la polepole. Farasi 240 kwa tani zile, mlima wa Interstate 70 kwenye San Rafael Swell unaupanda kwa subira na taa za tahadhari. La maana zaidi ni breki. Familia hii ya M939 ilipata ajali za kupinduka baada ya magurudumu kujifunga kwenye lami yenye maji, hadi jeshi likawawekea madereva wake kikomo cha maili 40 kwa saa na baadaye kufunga ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Kagua kama lako lilifungwa na kama taa yake inazima ipasavyo. Lisilo na ABS nisingelinunua. Kwa biashara unahitaji CDL, leseni ya Marekani ya kuendesha magari makubwa ya biashara, kwani lori linapita paundi 26,000, na mtihani wa breki za upepo uufanye pamoja.

Ndugu wananiuliza kama ningelipeleka Tanzania. Kenya limeshindikana kwa umri wake, magari makuukuu kama hili hayaruhusiwi kuingia. Tanzania usukani wa kushoto si ajabu, Freightliner za Marekani zimejaa barabarani, lakini kulitoa huku kunagusa sheria za Marekani za kusafirisha vifaa vya kijeshi, kisha ushuru wa gari kuukuu, kisha matairi 14.00R20 na sili za upepo wa ndani utazitafuta wapi Makambako. Kwa bredauni la kwetu ningechukua lori la raia la 6x6 lenye spea madukani, nikalifunga winchi ya nyuma ya tani 20 inayoendeshwa na injini, kapi mbili nzuri, na vizuizi vya chuma vya kutosha magurudumu yote.