Uzoefu wangu: kununua zawadi za mikono Vernissage, Yerevan

Wenzangu wengi hapa Dubai wanaotafuta pa kwenda wakati wa Idi wananiuliza kama soko la Vernissage linafaa kwa zawadi. Linafaa, tena sana, mradi ujue meza za kupita na meza za kukaa. Mimi ninalipatia nyota nne kati ya tano.

Ni soko la wazi katikati ya Yerevan, mji mkuu wa Armenia, karibu kabisa na Uwanja wa Jamhuri na kituo cha metro. Lilianza miaka ya 1980 kwa wachoraji waliokuja kuonyesha picha zao, mafundi wengine wakajiunga. Katikati ya wiki utakuta meza chache tu. Jumamosi na Jumapili ndipo mafundi wenyewe wanapojitokeza, na asubuhi ndiyo wakati mzuri, wana muda wa kuzungumza.

Zile sumaku za friji, fulana na komamanga za kauri zilizotoka kwenye kalibu moja, pita tu. Mlima Ararat, nembo ya Waarmenia, utauona kwenye kila kitu hadi kwenye soksi (mlima wenyewe uko Uturuki, lakini mwambie Mwarmenia hivyo kwa tahadhari).

Kilichonisimamisha mimi ni lesi ya sindano. Mama zetu nyumbani wanafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Hawa hawashiki kroshia kabisa: ni sindano ya kawaida ya kushonea na uzi, fundo juu ya fundo, kuanzia katikati kwenda nje. Mama niliyenunua kwake hakuacha kazi hata tulipokuwa tunapatana bei. Sindano inapita kwenye kijitanzi cha mzunguko uliotangulia, uzi unazungushwa, fundo linakazwa, na kinabaki kijitanzi kipya cha kushikwa na mzunguko unaofuata. Vijitanzi vyenyewe ni vidogo kiasi kwamba nililazimika kuinama ili nivione. Ishike na uivute kidogo: haitanuki ovyo kama ya kroshia, na hata uzi mmoja ukikatika kitambaa hakifumuki, kwa sababu kila kitanzi kina fundo lake. Cha ukubwa wa kisosi nililipa dram 6,000 (dram ni pesa ya Armenia, na dola moja ilikuwa inakaribia dram 400). Cha kufunika meza ndogo aliniambia 40,000, na kwa jinsi nilivyoiona ile kazi sikuthubutu kuomba punguzo.

Mama mkwe wangu, ambaye kwa vitambaa hadanganyiki, alikigeuza mbele na nyuma akaniuliza kimefumwa kwa kroshia namba ngapi. Nilipomwambia ni sindano tupu, alifuata miwani.

La pili ni duduki, ala ya kupuliza ya Kiarmenia. Zumari yetu ya pwani ina undugu nayo, maana zote zinapigwa kwa tete la midomo miwili, ila zumari ikipigwa mtaa mzima unajua kuna harusi, wakati duduki inaongea chini kwa chini. Inachongwa kwa mti wa aprikoti, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza muziki wake kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu. Ukitaka kujua inavyopaswa kusikika, tafuta rekodi za mpiga duduki Djivan Gasparyan, aliyefariki 2021. Sokoni zipo za aina mbili, za kupigwa na za kutundika ukutani, na wauzaji wengine hawakwambii ipi ni ipi. Mwombe muuzaji aipige. Tete likiwa kavu huwa midomo yake imebanana; fundi anatia maji kidogo ndani, anayakung'uta, kisha anasubiri kama robo saa hadi mdomo ufunguke. Asiyekuonyesha hatua hiyo anakuuzia pambo, na bei iwe ya pambo.

Nyota niliyoipunguza ni kwa ajili ya misalaba ya mawe. Khachkar halisi (ndilo jina la misalaba hiyo) huchongwa kwenye jiwe, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna mbili zinazofanana. Sanaa hiyo nayo iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010. Kwenye meza moja niliapiwa kwamba kile kidogo kimechongwa kwa mkono. Nyuma yake kilikuwa na kijiufa kwenye kona ya kushoto. Vingine vyote vya saizi ile pale mezani vilikuwa na kijiufa hichohicho, kona ileile! Nilishukuru nikaondoka.

Mazulia sikununua, bei si ya mfuko wangu, ila niliyatazama kwa muda mrefu. Ligeuze: la mkono, ua linasomeka hata upande wa nyuma na mafundo hayajanyooka kama ya mashine. Wekundu wa kale ulitokana na vordan karmir, vijidudu vya uwanda wa Ararat vinavyoishi kwenye mizizi ya majani. Mtu akikuambia zulia jipya la bei poa limetiwa rangi hiyo, tabasamu uendelee na safari. La zamani linahitaji cheti cha wizara ili litoke nchini, kwa hiyo suala la cheti limalizeni kabla hujatoa pesa.

Beba dram taslimu, kadi hazikubaliki kila meza. Wazee wanajua Kirusi kuliko Kiingereza, lakini kikokotoo cha simu kinatosha kwa mapatano, na punguzo lao ni dogo: ukitaja nusu ya bei kama ulivyozoea Kariakoo, wanakununia.

Na kama umechukua duduki, nunua na matete ya akiba kwa fundi huyohuyo, ayajaribu mbele yako kwenye chombo chako. Langu la kwanza limeshapasuka, na Dubai sijaona pa kununua lingine.