Signing Off ya UB40: kanda ya mjomba imepata mpinzani

UB40, bendi ya rege ya Uingereza, niliwajua kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na kanda ya Labour of Love, mali ya mjomba, na Jumapili haikupita bila Red Red Wine. Nikisikia wapenzi wa rege wakisema bendi hii iliisha 1983, mwaka albamu ile ilipotoka, nilidhani ni maringo ya watu wa santuri. Mwezi uliopita nikanunua CD ya Signing Off, albamu yao ya kwanza, ya 1980, ili nipate la kuwajibu. Sijalipata.

Jalada lenyewe lina habari. Ni nakala ya kadi ya kudai posho ya wasio na kazi Uingereza, na kadi hiyo ndiyo iliyoitwa UB40. Vijana wanane wa Birmingham, weusi kwa weupe, walijiita jina la karatasi waliyokuwa wakienda nayo dirishani. Signing off ni kujifuta kwenye orodha hiyo: tumepata kazi, na kazi ni hii. Studio yao ilikuwa chumba alichokuwa anaishi mtayarishaji wao, Bob Lamb.

Wimbo wa kwanza, Tyler, nimeurudia siku nzima. Sauti ni ileile tamu ya Ali Campbell niliyoizoea kwenye mapenzi, ila hapa inasimulia kesi ya Gary Tyler, kijana mweusi wa Louisiana aliyehukumiwa kifo akiwa na miaka 17, na baraza la wazee wa mahakama weupe watupu. Hapigi kelele. Besi ya Earl Falconer inatembea taratibu, saksafoni ya Brian Travers inajibu, na hasira inakuingia polepole mpaka unaacha ulichokuwa unafanya. Food for Thought iko hivyohivyo: unatikisa kichwa, halafu unagundua unaimba habari za watu wanaokufa njaa huku wengine wakisherehekea Krismasi. Burden of Shame inaishitaki Uingereza yenyewe. Wimbo huo ulipoondolewa kwenye toleo la Afrika Kusini, bendi iliachana na lebo yake na kuanzisha ya kwake, DEP International. Madam Medusa, unaomlenga Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, unakaribia dakika 13, na hakuna hata moja ningeipunguza.

Mjomba hakukubali. "Mpwa wangu, zile nyimbo za mapenzi si usaliti, ndizo walizokulia nazo." Hapo ana haki, na wanaoibeza Labour of Love hulisahau hilo. Ni nyimbo za Jamaika zilizokuwa zikipigwa mitaani kwao walipokuwa watoto: za Eric Donaldson, za Jimmy Cliff, za Melodians. Hata Red Red Wine waliijua kwa sauti ya Tony Tribe wa Jamaika kabla ya kujua kwamba mtunzi ni Neil Diamond. Albamu ile ni ya heshima, na bado naipenda.

Ninapoachana na mjomba ni baada ya hapo. Labour of Love II ikaja 1989, ya tatu 1998, na katikati yake wimbo wa Elvis uliowapa namba moja Uingereza na Marekani, 1993. Mara ya kwanza unarudisha shukrani kwa waliokulea. Mara ya tatu ni mazoea. Ngoma zimekuwa safi mno, saksafoni imesukumwa pembeni, na yale macho ya kutazama mtaa wao sikuyaona tena kwa wingi ule.

Kwa anayetaka kununua: anza na hii. Nimeipa nyota tano. Usiisikilize kwa spika ya simu, besi yote itapotea. Tafuta redio kubwa au hedifoni nzuri. Na hakikisha toleo lako lina Madam Medusa, kwa sababu kwenye santuri wimbo huo ulikuja kwenye sahani ya pembeni.

Jumapili iliyopita nilimwekea mjomba Tyler. Alikaa kimya hadi mwisho, kisha akauliza yule kijana aliishia wapi. Nikamwambia hukumu ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, akatoka 2016, baada ya zaidi ya miaka 40 gerezani. Mjomba akasema, "Hebu irudishe mwanzo."