Miezi minne na protini ya HuR maabara kwetu Dodoma

Kichupa chenyewe hukioni vizuri mpaka ukiinue kwenye mwanga. Ndani kuna maikrogramu 50 za HuR kwenye maikrolita 100 za kimiminika kisicho na rangi, na kwa bei yake ningerudi nyumbani na mbuzi kadhaa kutoka mnada wa Msalato.

Kwa asiyeijua, HuR ni protini ya binadamu ya asidi amino 326. Inashika RNA (molekuli inayoandikwa kwa herufi nne za kemikali: A, U, G na C) penye U na A zilizorundikana, hasa upande wa mwisho wa mRNA, yaani RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, na ikishaishika, mRNA ile haivunjwi haraka. Ndiyo maana watu wa saratani wanaifuatilia sana. Jeni yake ni ELAVL1, jina lililotoka kwa nzi wa matunda: jeni ya ukoo huo ikiharibika, kiinitete cha nzi hufa. Niliyonunua mimi imetengenezwa ndani ya bakteria E. coli, ikawekewa mkia wa histidini, yaani kipande cha asidi amino cha kurahisisha kuisafisha.

Mzigo ulishuka Dar, wakala akaupakia basi la usiku. Asubuhi niko stendi ya Nanenane, kondakta ananikabidhi boksi jeupe la stairofomu huku ananusa. "Dada, humu kuna samaki?" Nikamwambia ni dawa, maana maelezo marefu yangenichelewesha. Kufungua maabara, barafu kavu iliyobaki ilikuwa kama kiganja changu. Kichupa kilikuwa bado kigumu, nikashukuru Mungu.

Siku ileile niliigawa kwenye vichupa 20 vidogo, maikrolita 5 kila kimoja, nikavirudisha kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hili ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa tangu mwanzo.

Jaribio langu ni lile la kuangalia RNA inavyochelewa kusafiri kwenye jeli yenye umeme ikiwa imeshikwa na protini. RNA peke yake inakimbia chini. Iliyoshikwa inabaki juu. Wiki mbili nzima sikuona kitu juu. Chini nako hakukuwa na mstari, palikuwa na ukungu tu, kama mtu amefuta ubao kwa kiganja. Nikamwandikia muuzaji barua pepe ya ukali ambayo leo naionea aibu. Mtaalamu wetu wa maabara, kaka mmoja mpole, aliitazama ile jeli akauliza swali moja: "Maji umetoa wapi?" Nilikuwa natumia maji ya dumu la pamoja, ambalo kila mtu anachovya pipeti yake. RNA yangu ilikuwa inatafunwa na vimeng'enya hata kabla haijakutana na protini. Nilipobadilisha maji, nikafuta meza upya na kubadili glavu kila nikishika kitasa, mstari wa juu ukatokea jioni ileile.

Na ulikuwa mzuri kweli. Nilianza kuuona kwenye nanomola 20 hivi za protini (kipimo cha ukolezi), na kwenye 100 karibu RNA yote ilikuwa imepanda. RNA ya pili, ambayo U zake nilizigeuza kuwa C, haikupanda kabisa. Kwa upande wa kushika, sina neno.

Kwenye kiasi kilichomo ndipo nina neno. Nilipitisha maikrogramu 1 kwenye jeli ya kawaida, pembeni nikaweka albumini, protini nyingine ambayo kiasi chake nakijua. Baada ya rangi ya buluu, mstari wa HuR ulikuwa safi, juu kidogo ya kilodaltoni 36 (kipimo cha uzito wa molekuli) kwa sababu ya ule mkia, lakini mwembamba. Kwa jicho langu ni kama theluthi mbili ya kilichoandikwa. Karatasi iliyokuja nayo haisemi wamepimaje, wala kama wamehakiki kuwa haina vimeng'enya vinavyokata RNA. Kwa protini inayouzwa ili ikutane na RNA, hilo sikulipenda. Pima mwenyewe kwanza.

Halafu kuna umeme. Mwezi wa tatu ulikatika Jumamosi usiku, jenereta ikagoma kuwaka, na Jumatatu tukakuta friza imeyeyuka na kuganda tena. Vichupa 7 vilivyobaki vilikuwa na chembe nyeupe. Nilivizungusha kwenye mashine, nikajaribu maji ya juu: mstari hafifu, hauaminiki. Nikatupa vyote. Hapo muuzaji hana kosa.

Kama unachunguza fosfeti zinazobandikwa kwenye HuR, hii usinunue, bakteria hawazibandiki kama seli zetu. Kwa kazi kama yangu nimeagiza tena, safari hii vichupa viwili vya maikrogramu 10, na nimemwomba wakala asipakie basi la Ijumaa. Kimoja kitakaa kwetu, cha pili nimeombea nafasi kwenye friza ya jengo la jirani. Wao jenereta yao inawaka.