Restic kwenye intaneti ya kusuasua: inafaa, ila ratiba ni juu yako

Kwa laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde, piga hesabu kwanza: ni takriban megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo gigabaiti 20 zitachukua saa 44 hivi. Hapo ndipo Restic, programu ya bure ya nakala rudufu, inapostahili sifa. Inakata faili vipande, inavisimba, kisha inatuma vile tu ambavyo havijafika. Umeme ukikatika katikati, endesha amri ile ile. Vipande vilivyokwisha kusajiliwa kwenye hifadhi havitumwi tena.

Ratiba ya ndani haina. Kwenye Linux tumia cron, programu inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga, saa 4 usiku (andika 22), na utangulize amri ya kufuli, flock -n, ili kazi ya leo isianze kabla ya ile ya jana kwisha. Ikibidi iendelee mchana, weka kikomo cha kasi ya kupandisha, --limit-upload 90. Kipimo hicho ni kibibaiti (baiti 1,024) kwa sekunde, si kilobiti. Ukiandika 700 kwenye laini hii, kikomo hakitazuia chochote.

Udhaifu mkubwa ni prune, amri ya kusafisha hifadhi. Hupakua mafurushi yenye vipande visivyohitajika tena, huyapanga upya na kuyapandisha, na laini nyembamba hulemewa. Iendeshe mara moja kwa mwezi na --max-repack-size 200M, ili isipange upya zaidi ya kiasi hicho kwa mkupuo. Itagoma ikiwa nakala bado inaendelea, kwa sababu inahitaji kufuli ya peke yake.

Nakala ya kwanza itengenezwe kwenye diski ya nje, ipelekwe kwa mkono ilipo seva ya hifadhi. Nenosiri liandikwe mahali pa pili: likipotea, data haifunguki kamwe.