Uzoefu wangu: muziki wa kale laivu hapa Leipzig, na tiketi ipi ina thamani ya pesa yako

Wengi wanaokuja huku Ujerumani huwa wanaulizana kama haya matamasha ya muziki wa zamani, wa kina Bach, yule mtunzi Mjerumani, na waliomtangulia, yanamfaa mtu wa kwetu au ni ya wazee wa Kizungu tu. Mi nimeshahudhuria mara tisa tangu nihamie Leipzig kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho na masikio yangu, tiketi zote nimenunua kwa pesa yangu ya mshahara.

Mjue kwanza natokea wapi. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, kanisa la Kilutheri (KKKT), kwaya nimeimba toka sande skuli mpaka kwaya kuu, naimba alto, na nota za kwenye mistari sizijui vizuri, mi ni mtu wa solfa, do re mi. Hapa nafanya kazi nyumba ya wazee na ndiko yote yalikoanzia. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 91, siku hiyo namtandikia kitanda huku navumisha wimbo wa Ijumaa Kuu kwa midomo iliyofungwa, ule wa kichwa cha Bwana chenye damu na majeraha. Akanishika mkono. Huo wimbo umeujulia wapi wewe? Nikamwambia nyumbani, Kilimanjaro, upo kwenye Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha nyimbo. Akakaa kimya kidogo halafu akasema Jumamosi nenda Thomaskirche, saa tisa alasiri, usichelewe.

Thomaskirche ndio kanisa ambalo Bach alikuwa mwalimu wa kwaya kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750, na kaburi lake lipo ndani, mbele kule karibu na altare, bamba la shaba lenye jina lake na maua ambayo watu wanaweka. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa kuna kitu wanakiita Motette. Sio shoo, ni ibada ya muziki. Wanaimba Thomanerchor, kwaya ya wavulana ambayo ilianzishwa 1212 (yaani karibu miaka mia tatu kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa), kuna neno fupi, Baba Yetu, wimbo mmoja wa waumini wote, baraka, basi. Jumamosi mara nyingi wanaongeza kantata nzima ya Bach, yaani mfululizo wa nyimbo za ibada za kwaya na waimbaji pekee, na orkestra. Unalipa euro chache tu mlangoni unapewa karatasi ya programu, hiyo karatasi ndio tiketi yako. Shule zikifungwa wavulana wanapumzika na kwaya nyingine za wageni zinaimba, kwahiyo kama unawataka wao hasa angalia ratiba kwanza. Na usipige makofi, ni ibada.

Kitu cha kujua kabla hujakaa ni kwamba wanamuziki wanakuwa juu, kwenye roshani ya nyuma, upande wa magharibi, na wewe uliyekaa chini unaangalia altare. Sauti inakujia kutoka mgongoni na juu. Mwanzoni nilikuwa nageuka geuka, baadaye nikaona wenyeji wamefumba macho nami nikatulia, na kiukweli ukiacha kutafuta kwa macho masikio yanafunguka, unaanza kusikia bas inatembea huku, alto inaingia kule, kila sauti na njia yake.

Halafu ukafika wimbo wa waumini. Kinanda kikaanza, na mi hata sijasoma karatasi nikajua huu ni wetu, tunauimba Machame. Maneno ya Kijerumani yapo mbele yangu lakini mdomo ukatoa Kiswahili, beti zote tatu. Mzee aliyekaa pembeni akaisogeza karatasi yake kwangu akidhani sina, nikamshukuru kwa kichwa nikaendelea na Kiswahili changu. Tofauti ni mwendo. Sisi tunavuta, kila mstari unapumzika, wao wanaenda mbio kidogo na kinanda kinawasukuma. Wamisionari wa Leipzig walifika kwetu Machame 1893, hilo nilifundishwa kipaimara nikakariri kama tarehe tu ya kujibia mtihani. Siku ile ndo nikaelewa kwamba hizi nyimbo zilianza safari kutoka mji huu huu ninaoshukia tramu kila asubuhi.

Baada ya hapo nikataka kusikia za nyuma zaidi, kabla ya Bach. Kuna makumbusho ya ala za muziki ya chuo kikuu, kwenye jengo la Grassi, wana klavikodi, kinanda kidogo cha nyuzi kilichotangulia piano, ya mwaka 1543 ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki, na tamasha ndogo ndogo huwa zinafanyika humo. Nilikaa mstari wa pili. Jamani kama una pesa ya tamasha moja tu tafuta chumba kidogo cha namna hii, maana ala hizi zilitengenezwa kwa vyumba, sio kwa viwanja. Kulikuwa na viola da gamba, ni kama selo lakini haina mguu wa kusimamia chini, mpigaji anaibana kwa miguu, ina nyuzi sita au saba za utumbo wa mnyama na shingoni imefungwa vikamba vya utumbo huo huo kuonyesha vidole vikae wapi, na upinde anaushika kiganja kimeangalia juu. Unasikia upinde ukigusa uzi kabla sauti haijatoka. Pembeni yake teobo, aina ya luti, ala ya nyuzi ya kukwanyua kama gitaa, hiyo ukiwa umekua na taarab utaitambua haraka maana ni ukoo mmoja na udi, jina lenyewe la luti Wazungu walilichukua kwa Waarabu, ila shingo yake ni ndefu inampita mpigaji kichwa ili nyuzi za bas zipate urefu. Na harpsikodi, ukiibonyeza hakuna nyundo inayogonga kama kwenye piano, kuna kijiti kinanyanyuka na kincha kinachokwanyua uzi, zamani walitumia unyoya wa ndege. Mi ilinikumbusha kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab ya kina bibi wa Zanzibar, mng'ao ule ule.

Watu wanalalamika kwamba hawa wanamuziki wanatumia muda mwingi ku-tyuni. Ni kweli, kila baada ya nyimbo mbili tatu wanasimama. Lakini utumbo unavuta unyevu, watu mkijaa chumbani mkapumua nyuzi zinahama, asipozirekebisha mtasikia vibaya nyie. Mi nilikuja kupenda ile dakika, chumba kinanyamaza, mtu anatega sikio kwenye uzi mmoja. Kingine, kwa wenzangu wa solfa, doh yao iko chini karibu nusu sauti kuliko ya kinanda chenu cha umeme, nota yao ya la wanaiweka mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, kwahiyo soprano hawakabi koo na maneno yanatoka laini.

Sasa katikati ya programu wakasimama waimbaji watano bila ala yoyote. Wakaanza, na nikasikia wimbo wa Ijumaa Kuu. Ule ule wa kitandani kwa bibi. Ila ulikuwa unachezacheza, miguu yangu ilitaka kutikisika, na waimbaji wanatabasamu. Nikafungua programu kwa haraka: Hans Leo Hassler, 1601, wimbo wa mapenzi. Kijana analalamika moyo wake umevurugika na sababu ni msichana. Baadaye ndio watu wa kanisa wakauchukua huo huo wakautia maneno ya msalaba. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Nikamrekodia mama voice note nikamuimbia vile walivyoimba, akanijibu "mbona unaukimbiza mwanangu, huo si wa kukimbiza", nikamweleza habari ya msichana, mama akasema basi huyo kijana alimpenda kweli.

Sio zote zilikuwa nzuri, niseme ukweli. Mara moja nilipanda treni kwenda mji mwingine, silitaji kanisa wala waandaaji, nilitoa euro 48 kwa tiketi ya onlaini nikajikuta nyuma ya nguzo nene kabisa, kanisa lina mwangwi wa kutisha, kila neno linamfukuza lililotangulia, baridi inapanda kutoka kwenye mawe, na kijitabu hakina maneno ya nyimbo. Nilikaa saa mbili nikisikia muziki kama mtu aliye bafuni anasikiliza redio ya sebuleni. Nikawaandikia waliouza tiketi, wakajibu maelezo ya kiti yalikuwepo. Na kweli yalikuwepo, kwa herufi ndogo. Kwahiyo mjifunze maneno haya kabla hujalipa: "ohne Sicht" maana yake huoni kitu, "Hörplatz" ni kiti cha kusikiliza tu, "eingeschränkte Sicht" utaona kidogo. Viti hivyo ni rahisi na sio vibaya kama unajua unachonunua. Siku hiyo pia tarumbeta lilikwaruza mara mbili na jirani yangu akaguna, hapo mi nawatetea, tarumbeta la zamani halina vitufe, ni bomba tupu, sauti zote anazitafuta kwa midomo yake.

Sasa ile kubwa. Wiki ya Mateso nilirudi Thomaskirche kusikiliza Matthäus-Passion, Mateso ya Bwana kwa Mathayo, kazi ya Bach ambayo inaaminika iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727 kanisani humo humo. Jiandaeni, inachukua karibu masaa matatu na kuna mapumziko katikati. Kwaya mbili na orkestra mbili zinajibizana, kwaya moja inasema mtazameni, nyingine inauliza nani? na juu yao sauti za watoto zinashuka na wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu, yaani dakika za mwanzo tu nywele zimesimama. Kijerumani changu ni cha kazini, cha dawa na chakula, kwahiyo nilibeba Biblia yangu ya Kiswahili nikaifungua Mathayo 26 na 27. Mwinjilisti, yule mwimbaji anayesimulia, anaimba maandiko yale yale neno kwa neno, unafuata kwa kidole hupotei kabisa. Huu ushauri ushikeni, mi sikuambiwa na mtu.

Wimbo wa Hassler unarudi mara tano humo ndani. Sauti ya juu ni ile ile lakini zile za chini Bach anazibadilisha karibu kila mara, kwahiyo ni kama unamuona mtu mmoja usoni katika siku tofauti. Wa tano unakuja pale pale Yesu anapokata roho. Mwinjilisti anamaliza, kimya, halafu kwaya inaingia taratibu, chini chini, na maneno ni kama haya: siku nitakapoondoka, wewe usiondoke kwangu. Kazi yangu mnaijua. Nimeshakaa na wazee wanne usiku wao wa mwisho, nimewashika mkono, wengine hawana mtoto wa kuja. Mi naijua njia ya alto kwenye ule ubeti, nilikuwa naifuata kimoyomoyo, nikafika mahali nikashindwa. Dada aliyekuwa mbele yangu naye mabega yalikuwa yanatikisika. Ile sauti haikutoka kwenye spika, ilitoka kwenye vifua vya watoto walio hai juu ya kichwa changu, na hii ndio sababu nasema laivu, maana rekodi yake nilikuwa nayo kwenye simu mwaka mzima na haikuwahi kunifanya hivyo.

Kwa wanaopenda nyuzi za utumbo mwanzo mwisho, subirini Bachfest, tamasha la Bach la hapa Leipzig, mwezi wa sita, vikundi vinavyopiga ala za kale vinakuja kutoka nchi nyingi, ila tiketi wahini miezi kadhaa kabla na zile nzuri ni ghali. Anayeanza aanzie Motette. Vaa soksi nzito hata kama nje kuna jua, beba kitu cha kukalia, mabenchi ni mbao, na fika nusu saa kabla la sivyo utasimama.

Jumamosi hii kuna kantata, natoka zamu saa saba. Bibi kashaniagiza karatasi ya programu, huwa namsomea majina ya nyimbo yeye anaimba mistari ya kwanza, halafu naiweka droo ya juu pamoja na zile nyingine.